Kibodi ya Kumsikilizia Tata

Alhamisi, 31 Julai 2025

Nimefukuzwa kikaoni. Kwa kelele za vidole! Mambo haya yanapatikana Kericho tu.

Kikao cha Tata kimevunjika kabla hakijafika popote, na aliyekivunja ni mimi. Mimi pamoja na hii kibodi ya swichi za bluu ninayoandikia sasa hivi, tak-tak-tak. Hata saa hii Mama Molly, ng'ambo ya ukuta, ameshagonga mara moja.

Niandike polepole, hasira zisinipoteze.

Tata, baba yangu, Mzee Onsongo kwa watu wa hapa, anasimamia mashine ya kusaga majani katika kiwanda cha chai cha shamba hili. Mwezi uliopita Omariba alinaswa mkono na ule ukanda unaobeba majani. Omariba ni rafiki yake wa tangu ujana, wa kwetu Nyamira, kanisa moja, laini moja ya nyumba za wafanyakazi. King'ora kililia. Kila mtu alikisikia, Tata akaendelea na kazi. Walipomvuta begani ndipo akazima, na Omariba alikuwa ameshapoteza vidole viwili. Sasa kampuni inasema Tata alipuuza king'ora. Akipatikana na hatia anafutwa bila kiinua mgongo, na nyumba hii tunairudisha.

Ukweli ni kwamba Tata hasikii. Zile mashine zimekula masikio yake yote mawili. Nyumbani tunajua: ukitaka kumwita unakanyaga sakafu kwa nguvu, mbao zikitikisika ndipo anageuka. Lakini kazini hajawahi kukubali. Anasoma midomo. Asipoielewa anaitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa.

Kwa hivyo Kepher, mwakilishi wa wafanyakazi, aliwaomba niketi kando ya Tata niandike kila kinachosemwa, yeye asome kwenye skrini. Ndiyo kazi yangu hata hivyo, kuandika maneno ya watu kutoka kwenye sauti. Simu zinaachwa mlangoni. Vibonye vya laptop yangu vilikufa kwa chai (kwa nini kingine, huku kwetu?), ndiyo maana nabeba kibodi ya kuchomeka.

Hatujakaa sana, Madam Chepngeno wa HR, anayeongoza kikao, akainua mkono. Akasema kinasa sauti chao kinashika vidole vyangu kuliko mashahidi. Mtu wa usalama akasema ni mvua ya mawe kwenye mabati. Wakacheka. Tata naye akacheka, kwa sababu wengine walicheka.

Hilo ndilo limeniuma. Nimelia katikati ya michai njiani kurudi, sitaki kusema uongo humu.

Uamuzi: tunarudi Jumatano tarehe 13. Nije na kitu kisicholia, la sivyo Tata aandikiwe kwa kalamu. Kwa kalamu! Watu watano wakisema kwa pamoja! Atakuwa anajibu swali la juzi.

Ijumaa, 1 Agosti

Nilianza na kibodi ya kawaida ya cyber. Zile za mpira ndani. Ni kama kukanyaga matope, kila herufi unang'oa mguu. Nilijipima kwa mahubiri ya redioni, mhubiri akafika amina mimi bado niko kwenye salamu. Hapana.

Nikaenda mjini kwa Phelix. Anauza vitu vya kompyuta za kuchezea gemu, duka lenyewe ni dirisha moja nyuma ya soko. Nikamweleza. Akaichukua kibodi yangu, akabonyeza mara mbili, akacheka.

"Sister, hii kibodi haina shida. Shida ni hizi swichi za blue, zimetengenezwa zipige kelele. Ng'oa zote, weka linear."

Nikamuuliza linear ni mnyama gani. Akanionyesha. Swichi ni kale kasanduku kadogo chini ya kila herufi. Za bluu zina kitu katikati kinachokatika ukibonyeza, tak. Linear haina. Unabonyeza, inashuka moja kwa moja mpaka chini, inarudi. Kibodi yangu bahati nzuri ni ya kung'oa na kuchomeka, hakuna kuchomelea.

"Na bei?"

"Kuna za watu wa Nairobi na kuna zetu."

Nikasema zetu. Amenipa sampuli za kujaribu, rangi rangi, akabaki na kitambulisho changu. Sawa. Kitambulisho hakiandiki.

Jua linashuka. Sabato inaingia, nafunga.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeamkia swichi. Nimechomeka aina tatu safu tatu, na mpimaji wangu wa kelele ni Mama Molly. Nani mwingine? Ukuta wetu ni mbao moja tu. Yeye akaketi kwake anachambua maharagwe, mimi naandika huku, halafu anapaza sauti kunipa matokeo.

Nyekundu: nyepesi, lakini zinakwaruza. Unasikia kwenye vidole kama kuna mchanga. Mama Molly: "Nasikia panya!"

Nyeusi: ngumu. Kimya kidogo, ila mkono umechoka kabla ya chai ya saa nne. Mama Molly: "Hiyo ni afadhali, lakini mbona unaandika kama mgonjwa?"

Njano: ah. Hizi zinateleza. Naandikia hizi sasa. Kidole hakijui kimefika chini mpaka kifike. Na ni rahisi kuliko zote! Tatizo ni kwamba zikigonga chini zinasema to, na springi yake inaimba zii. Mama Molly: "Panya amevaa viatu!"

Kuna pia za kijivu, zina mpira ndani, hizo hata Mama Molly alidhani nimeacha. Bei yake nikaiangalia nikaiweka chini kama yai la mtu.

Nilitaka Tata azipime kwa vidole. Alikuwa ameketi mezani anaangalia dirisha, hana habari na mimi. Sikutaka kukanyaga sakafu, Mama Molly analalamika. Nikapitisha mkono mbele ya macho yake, hivi na hivi. Loo! Kiganja chake kikashuka mezani, PA! Chai yote chini. Alikuwa amegeuka mtu mwingine kabisa, macho yamemtoka.

Nikamuuliza ni nini. Akasema nzi. Nzi gani na baridi hii ya Agosti?

Jumanne, 5 Agosti

Kepher alikuja jioni. Nikaona ni mazoezi mazuri: niliandika kwa njano kila alichosema, Tata akasoma skrini. Tulienda pamoja! Karibu sentensi kwa sentensi. Hapo kwenye kasi sina wasiwasi tena.

Wasiwasi ni Tata mwenyewe.

Kepher alisema, "Mzee, hii kesi ni nyepesi. Wewe sema tu mashine imekuharibia masikio, hukusikia king'ora. Basi. Hawawezi kukufuta, hata watakulipa. Sheria iko."

Tata akasoma. Akasoma tena. Halafu akasema kwa ile sauti yake kubwa asiyojua ni kubwa, "Mimi si kiziwi."

Nusu ya laini imesikia.

Kepher akanitazama mimi, mimi nikatazama jiko. Akamwambia basi ukisema ulisikia, unamaanisha ulisikia ukaacha mwenzako akatwe. Niliandika hayo. Vidole vilitaka kulainisha, nikavikataza. Tata akafunga laptop yangu taratibu, kama mtu anayefunga Biblia, akatoka nje kwenye manyunyu.

Mtu mkaidi! Tumebakiza siku za kuhesabu, mimi nahangaika na springi, na yeye anapigana na Kepher. Kiburi hiki amekitoa wapi? Mama akiwa Nyamira anasema kwenye simu nimwache, atasema mwenyewe wakati ukifika. Wakati gani? Tukishatupiwa godoro nje?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimenunua njano za kibodi nzima. Phelix amenirudishia kitambulisho. Za kijivu alikuwa na chache tu zilizobaki mkebeni, akaniachia kwa huruma, naona alimwona Tata amesimama nje na kofia mkononi.

Nimekata sponji kwenye kona ya godoro langu, nimeitandika ndani chini ya kila kitu. Afadhali sana. Ile "to" imekuwa "tu". Lakini zii ya springi bado iko, na Mama Molly ana masikio ya popo.

"Bado nasikia, mama! Si sana, lakini nasikia!"

Dawa ya zii ni grisi. Unafungua swichi moja moja, unapaka kidogo kwenye springi na mguu wake, unafunga. Phelix hana, inatoka Nairobi, labda Jumatatu, labda Alhamisi. Alhamisi itakuwa kwa faida ya nani?

Nikatazama rafu. Nikaona jeli ya kukamulia.

Huku kwetu hakuna nyumba isiyo na mkebe wa jeli ya kukamulia. Wanaojipaka nayo visigino ni wengi kuliko wanaokamua ng'ombe. Nikajiambia, kitu kinachotelezesha chuchu ya ng'ombe kitashindwa na kaplastiki? Nikaketi kando ya jiko na kijiti cha kiberiti, napaka, nafunga, napaka, nafunga. Mgongo umekufa.

Lakini sikiliza — hakuna cha kusikiliza! Naandikia hizo sasa hivi. Kimya! Zinashuka kama kisu kwenye siagi. Nimemwita Mama Molly.

"Umeanza?" anauliza.

"Naandika tangu zamani!"

"Wacha! Sisikii kitu!"

Nimecheza peke yangu jikoni. Tata aliniona akatabasamu, tabasamu la kweli, si lile la kuiga. Jua limefika kwenye miti ya mikaratusi. Asante Mungu. Nafunga.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamkaaaaa asubuhiii na baaaaridi kaliiii

Naandika upya. Kwa bluu ya zamani, Mama Molly anisamehe.

Jeli imeganda! Jana yote sikugusa kibodi, Sabato, na jiko halikuwashwa. Leo asubuhi kuna ukungu mpaka ndani ya nyumba, nikaandika neno la kwanza, A ikashuka ikakaa huko huko chini. Inapanda polepole kama ng'ombe mwenye mimba. Na ikiwa chini kompyuta inaendelea kuandika, aaaaa, mistari miwili. Kando ya jiko zilikuwa hariri kwa sababu ya joto! Na chumba cha kikao ni kile cha sakafu ya saruji, dirisha linatazama msitu, saa mbili asubuhi unaona pumzi yako.

Mjinga mimi. Mjinga wa kimataifa.

Nimempigia Phelix. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema mimi si wa kwanza, kuna kijana wa Bomet na mwalimu wa Kipkelion walishamfanyia hivyo hivyo. "Nyinyi watu wa maziwa! Osha zote na maji moto na sabuni, ukaushe kabisa. Ikibaki na maji usiniletee."

Zikauke wapi? Mvua inanyesha kila mchana. Siku mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Bado naandikia zile za bluu. Swichi zote ziko kwenye ungo.

Nilizifungua zote, nikaziosha kwenye karai. Vipande vidogo vidogo, kila swichi springi yake, mguu wake, mifuniko miwili. Nilikuwa karibu kulia tena, Tata akaja akaninyang'anya karai bila neno. Akachukua ungo, akavitandaza vyembamba vyembamba, kimoja kisimlalie mwenzake, vile wanavyotandaza majani yanyauke kabla ya kusagwa. Akauweka juu ya jiko, si karibu, si mbali. Akaketi anavigeuza kwa kiganja.

Tukakaa hivyo. Kisha akaanza kuongea mwenyewe, macho kwenye ungo. Nilikuwa upande anaoweza kuona midomo yangu.

Nilimuuliza ni kwa nini hataki kusema. Kwani aibu inaishinda nyumba?

Akasema si aibu. Akasema, "Nikisema sisikii, swali la pili litakuwa: basi miaka hiyo yote ulikuwa unazimaje mashine king'ora kikilia? Na hapo kuna mtu ataumia mara ya pili."

Sikuhitaji kuuliza mtu gani. Aliyeumia mara ya kwanza ni mmoja tu.

Ni Omariba. Alikuwa anasimama upande wa pili wa mashine. King'ora kikilia, Omariba anapitisha mkono mbele ya macho ya Tata mara mbili, Tata anapiga kile kitufe chekundu kwa kiganja. Hakuna aliyejua. Hata mtihani wa masikio wa kila mwaka Tata alikuwa anamtazama daktari bega, likishuka anajua amebonyeza, anasema nasikia.

Nzi! Kumbe yule nzi.

Na siku ile king'ora kilimlilia Omariba mwenyewe. Mkono wa kumwonyesha Tata ndio ulikuwa umenaswa.

Nilitaka kumshika Tata lakini kwetu sisi si watu wa kushikana. Nikageuza swichi upande wangu wa ungo.

Omariba anangoja fidia ya vidole. Tata anasema wakijua alikuwa anamficha kiziwi kwenye mashine, watasema alijiletea mwenyewe, hawatampa hata shilingi. Ana watoto shuleni. "Vidole nimeshamnyima. Na pesa pia nimnyime?"

Nikamwambia hukumnyima wewe. Aliangalia midomo yangu akageuka, akajifanya hajaelewa.

Halafu akasema jambo. Wakifika kwenye swali hilo la nani alikuwa anamsikilizia, nisiandike. Niache tu skrini ibaki wazi, yeye atasema hajui, ataonekana mzee amechoka.

Na Kepher alipita mchana huu huu kuniambia Madam Chepngeno ameamua: maandishi yangu yatachapishwa yawekwe kwenye faili ya kesi, na kabla ya kuanza nitaapa kuandika kila kinachosemwa bila kuongeza wala kupunguza.

Sijamjibu Tata. Nilisema swichi ya chini bado ina maji.

Jumanne, 12 Agosti

Zimekauka! Zote isipokuwa chache zilizopinda springi nilipokuwa na hasira. Phelix alituma kijidude cha grisi halisi na mtu wake anayepanda huku, tone tu, nikalipaka kwenye herufi zinazofanya kazi.

Nimezigawa kwa akili. Zile za kijivu chache, zile za kimya kabisa, nimeziweka kwenye A, I, N, U, K, na ule ubao mrefu wa nafasi. Kiswahili kinakula A kama nini sijui. Zilizopinda nimezipeleka Q na X, huko hakuna anayekwenda. Kitufe cha kufuta kina njano nyepesi kuliko zote, kwa sababu nikikosea nataka kurudi haraka.

Mazoezi: Mama Molly alikuwa Madam Chepngeno, amevaa miwani ya jua, Kepher akawa meneja. Mama Molly alichukua kazi kwa moyo wote, "Mzee, wewe eleza hii committee!" Tata alicheka kwa kusoma, kabla hata Kepher hajacheka. Niliwahi kila neno. Kimya. Ukiweka sikio kabisa unasikia kama mtu anatembea na soksi.

Kibodi iko tayari. Sikudhani nitaandika hivyo bila kucheza jikoni.

Nilimuuliza Kepher kwa pembeni, mfano tu, shahidi akiwa alimficha mwenzake, fidia yake inakwenda? Akasema inategemea, wanaweza kujaribu. Wanaweza kujaribu! Hilo ni jibu?

Tata amepiga viatu vyake rangi. Ameniuliza tena kwa macho. Nimeangalia skrini.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya ajenda. Kibodi iko mbele ya Tata na siwezi kuigusa. Wametoka kunywa chai. Tumebaki watatu chumbani: mimi, Tata, na Omariba karibu na dirisha. Haraka kabla hawajarudi.

Niliapa. Mkono wa kulia juu. Baridi ni ile niliyoisema, pumzi inaonekana, na swichi hazikuganda. Hazikulia hata moja. Madam Chepngeno alisahau nipo, nadhani. Nimeandika vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na Tata alisoma kila kitu, akajibu kila kitu kwa wakati wake. Jina, miaka ya kazi, shifti. Mtu wa usalama alikuwa anamtazama kwa mshangao.

Kisha wakamwita Omariba. Hatukujua anakuja! Kepher mwenyewe alishtuka. Aliingia mkono umefungwa bendeji, akamsalimia Tata kwa Kigusii, akaketi.

Wakamuuliza siku ile ilikuwaje. Akasema, "Madam, mimi nataka niseme ukweli nirudi nyumbani. Huyu mzee hasikii. Hajasikia miaka mingi. Mimi ndio nilikuwa masikio yake. King'ora ikilia naonyesha yeye mkono, anazima. Hiyo siku mkono yenyewe ndio ilikuwa imeshikwa."

Vidole vyangu vikasimama. Sekunde ngapi sijui. Skrini ilikuwa wazi kama alivyotaka Tata. Alikuwa ananitazama mimi, si skrini, na macho yake yanasema usiandike.

Nikaandika. Lote. Mungu anisaidie, niliandika lote, na hakuna aliyesikia nikiandika.

Tata akasoma. Akainua kichwa, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Huyu amechanganywa na dawa za hospitali. Mimi nilisikia king'ora. Nilichelewa tu. Makosa ni yangu."

Kepher akafunika uso. Meneja akaanza kuandika. Nikajua basi, imekwisha, amejifunga kamba mwenyewe shingoni mwake ili Omariba apate zake.

Omariba aliinuka. Akazunguka meza, akapita nyuma ya kiti changu, akasimama mbele ya Tata. Akapitisha mkono mbele ya macho yake. Ule mkono, na bendeji yake, na vidole vilivyobaki. Mara mbili.

Na kiganja cha Tata kikashuka.

Hakikushuka mezani. Kilishuka juu ya kibodi. Ilikuwa nguvu yote ya mtu anayesimamisha mashine, na hakikulia kitu. Sponji ya godoro langu ilimeza yote. Kwenye skrini tu ndiko kulikotokea kitu, chini ya maneno yake "makosa ni yangu":

ghjjjjjjjkkkkknnnnmmmm

Tata aliangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Omariba alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima.

Madam Chepngeno ndiye aliyesema, polepole, nami nikaandika chini yake: hizo herufi ziko kwenye maandishi ya kikao. Kama mkono uliteleza tu, Mzee azifute. Kama ni jibu lake, aziache. Tunakunywa chai, tukirudi atuambie. Kisha akaniambia nisiguse, aamue yeye.

Tata akasoma hayo yote. Nikarudisha kishale mwisho wa zile herufi, nikamsogezea kibodi.

Sasa ameketi. Ameniuliza ni kipi cha kufuta, nikamwonyesha. Sikumwambia neno lingine, na nina maneno mengi, kinywa kimejaa. Ameweka kidole juu yake. Omariba huko dirishani anatikisa kichwa, hapana, asifute, lakini Tata hamtazami. Anatazama zile herufi.

Nasikia vikombe vinawekwa chini. Wanakuja. Kidole bado kiko pale, na ile swichi ni nyepesi kuliko zote, niliiweka hapo mwenyewe makusudi, hata ukipumua juu yake inaweza kushuka.